DevTracker: nimeitumia kufuatilia pauni za Uingereza hadi shule za Singida

Serikali ya Uingereza ina tovuti iitwayo DevTracker. Haina ada, haina kujisajili, haikuulizi wewe ni nani. Ndani yake mna miradi ya maendeleo ambayo serikali ile inailipia katika nchi za nje, mmoja mmoja, pamoja na bajeti, tarehe, majina ya waliopewa kazi na nyaraka za tathmini. Mimi ni mhasibu. Nimefanya kazi na asasi za elimu na afya hapa Singida, nimejaza mabango kitita, yale majedwali ya malengo na vipimo vya mradi, nimekimbizana na watu warejeshe masurufu, fedha walizotangulizwa kwa safari na shughuli, kabla mwaka haujafungwa, nimekaa mbele ya wakaguzi wa wafadhili nikijibu hoja baada ya hoja. Kwa hiyo naipima tovuti hii kwa jicho la mtu wa upande wa kukaguliwa. Naandika kwa sababu watu wengi mno wanaotajwa humo hawajui kama wametajwa.

Kuitumia si kazi. Unachagua nchi, unaingia Tanzania, unapata orodha ya miradi. Ukibonyeza mmoja unakutana na ukurasa wake: lengo kwa maneno machache, bajeti kwa pauni, kiasi kilichokwisha kutumika, mwaka wa kuanza na wa kumaliza, kisha nyaraka. Chukua Shule Bora, mpango wa elimu ya msingi wa pauni milioni 89 unaohudumia mikoa tisa: Dodoma, Katavi, Kigoma, Mara, Pwani, Rukwa, Simiyu, Tanga na huu wetu wa Singida. Walimu wengi hapa wanalijua jina. Wachache wanajua kwamba kampuni iliyopewa kuusimamia utekelezaji ni Cambridge Education, kwamba yako mashirika mengine yanayofanya nayo kazi, na kwamba kila mwaka serikali ya Uingereza huandika mradi umekwendaje, na maandishi hayo yako wazi kwa yeyote mwenye bando.

Hiyo tathmini ya mwaka ndiyo inayonifanya niipende DevTracker. Mwanzoni kabisa mradi unapewa alama. A maana yake umefikia matarajio. A+ na A++ umeyavuka. B umepungukiwa kidogo, C umepungukiwa sana. Pembeni yake kuna kiwango cha hatari, na alama za miaka iliyotangulia zimepangwa, kwa hiyo mradi ulioanza vizuri ukaporomoka unauona papo hapo. Halafu yanakuja mambo ambayo kwetu huwa tunayasikia kwa minong'ono ya koridoni: shughuli ipi imechelewa, mshirika gani amesuasua, makadirio gani hayakuwa ya kweli, fedha imetumika kwa tija au la. Mhasibu mwenzangu, ukitaka kujua mradi unaumwa wapi, usisome utangulizi. Nenda kwenye mapendekezo ya mwaka uliopita, uangalie yapi yametekelezwa na yapi yamerudiwa yaleyale kwa maneno mapya. Pendekezo linalorudiwa miaka miwili mfululizo linakueleza habari ambayo alama haikuelezi.

Nyaraka nyingine inayofaa ni andiko la kuanzishia mradi, ambamo wanaeleza kwa nini waliona fedha itoke, njia zipi mbadala walizifikiria, nani atafanya kazi na nani atamsimamia. Mtu wa asasi anayejifunza kuandika maandiko ya mradi asipoteze hela kwenye semina kabla hajasoma mawili matatu ya hayo. Humo utaona mfadhili anavyofikiri kabla hajasema ndiyo.

Sasa upande wa pili. Nyaraka nyingi zimewekwa kama faili za ODT. Kwenye kompyuta ya ofisi zinafunguka bila shida. Kwenye simu za bei ya chini ambazo ndizo tulizonazo, nyingi hukataa mpaka upakue programu ya kuzisomea, na ukishaipakua majedwali yanavurugika, safu ya bajeti inahamia chini ya safu ya maelezo. Kila kitu ni Kiingereza, tena kile cha maofisini, sentensi ndefu zilizojaa vifupisho. Muhtasari wa ukurasa mmoja wa Kiswahili kwa miradi inayohusu Tanzania usingewagharimu hata sehemu ndogo ya kile wanachotumia kuandika ripoti yenyewe.

Lakini lugha na simu tungeweza kuvizunguka. Tatizo kubwa nililiona siku nilipomfungulia mwenyekiti wa kamati ya shule moja ya msingi huku kwetu, mzee aliyestaafu ukarani, anayesoma kila karatasi kwa miwani na kidole. Nilimtafsiria bajeti, nikamwonyesha majina, nikamwonyesha alama. Alinyamaza kidogo, akaniuliza: "Sasa mama, shule yetu iko ukurasa gani?"

"Haimo, mzee. Hawashuki mpaka shuleni."

"Wanashuka mpaka wapi?"

Nikamwonyesha: mpaka kwa mtekelezaji mkuu, na mara nyingine mshirika mmoja chini yake. Mzee akavua miwani. "Basi wanajua waliyempa. Hawajui tuliyopewa."

Hakuna mkaguzi aliyewahi kuniwekea jambo hili wazi namna hiyo. DevTracker imejengwa juu ya mfumo wa kimataifa wa kutangaza takwimu za misaada, IATI, ulioanzishwa Accra mwaka 2008, na Uingereza ilikuwa ya kwanza kabisa kutangaza kwa mfumo huo mwanzoni mwa 2011. Mfumo wenyewe unaruhusu kila mpokeaji naye atangaze alichopokea na alichompa wa chini yake, hadi mwisho wa mnyororo. Kwa hiyo njia ipo. Kinachokosekana ni kumbana kila aliye kwenye mnyororo aipite. Fedha ikishafika kwa mkandarasi mkuu, kinachobaki hadharani ni maneno kama "msaada wa kiufundi" na "kujenga uwezo", na chini ya maneno hayo kunakaa mishahara ya wataalamu, magari, hoteli, na hatimaye chaki.

Hali ni ngumu zaidi fedha ikipitia mashirika ya kimataifa. Pauni ikiingia kwenye mfuko wa jumla wa Benki ya Dunia inachanganyika na za nchi nyingine, na DevTracker inakuonyesha mchango tu. Usiende kutafuta hapo zahanati ya kijijini kwako.

Jambo jingine la kihasibu, ambalo wasio wahasibu huliruka halafu wakaanza kushutumiana bila sababu. Mwaka wa fedha wa Uingereza unaanza Aprili 1 na kuisha Machi 31. Wa kwetu unaanza Julai 1 na kuisha Juni 30. Ukichukua kiasi kilichoandikwa DevTracker kwa mwaka fulani ukakilinganisha na kitabu cha bajeti cha halmashauri, havitalingana hata kama kila mtu ni mwaminifu. Ongeza kupanda na kushuka kwa pauni dhidi ya shilingi. Nimeona diwani akisimama kwenye kikao na karatasi iliyochapishwa kutoka mtandaoni akitaka mkurugenzi ajibu hela imeenda wapi, kumbe tofauti yote ilikuwa ya robo moja ya mwaka. Swali lake lilikuwa la haki, hesabu ndiyo haikuwa sawa. Panga kwa robo mwaka kwanza, kisha uliza.

Ndiyo maana nashauri DevTracker isisomwe peke yake. Isome pamoja na ripoti ya CAG, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ya ukaguzi wa miradi ya maendeleo, ile anayomkabidhi Rais mwishoni mwa Machi kwa mujibu wa Ibara ya 143 ya Katiba na ambayo huwasilishwa bungeni Aprili. Ipo kwa Kiswahili, na inashuka hadi ngazi ya halmashauri: nani hakuwa na viambatisho vya malipo, wapi mkandarasi amelipwa kazi haijakamilika, fedha gani imelala benki mpaka mwaka umeisha. Waingereza wanakwambia kilichotoka. CAG anakwambia kilichokutwa. Anayetaka kujua kilichopotea njiani anahitaji vyote viwili mezani.

Na tusisahau kwamba katika kashfa ya Escrow ya Tegeta mwaka 2014, zaidi ya shilingi bilioni 300 zilizotoka kwenye akaunti ya mgogoro wa malipo ya umeme iliyokuwa Benki Kuu, kazi ya ukaguzi ilifanywa na ofisi ya CAG, na kamati ya Bunge ya hesabu za serikali, PAC, ndiyo iliyoifikisha ukumbini mwezi Novemba mwaka ule. Wafadhili walizuia msaada wao wa bajeti, lakini waliochambua karatasi walikuwa wakaguzi wetu na wabunge wetu. Nasema hivi kwa fahari. Nasema pia kwa sababu wapo wenzetu wanaoamini usimamizi wa maana ni ule unaotoka Ulaya tu.

Hao Ulaya nao wana anayewasimamia. Kwa Uingereza ni tume ya kukagua misaada iliyoundwa mwaka 2011, ICAI, ambayo haikuwekwa chini ya wizara bali inawajibika kwa Bunge kupitia Kamati ya Maendeleo ya Kimataifa. Ripoti zake ziko wazi mtandaoni na ni rahisi kusoma kuliko nyaraka za DevTracker. Kwa miaka mingi wametoa alama za rangi: kijani, kijani na kahawia ya njano, kahawia ya njano na nyekundu, na nyekundu. Serikali inatakiwa ijibu kila pendekezo kama inalikubali, inalikubali kwa sehemu au inalikataa, na tume inarudi baadaye kuangalia kama ilichoahidi kimefanyika. Huko kurudi ndiko kunakoipa thamani. Sisi tunazijua ripoti ambazo hoja zake hufungwa kwa barua.

Mwaka 2012 ICAI ilichunguza miradi ya elimu ya Uingereza Ethiopia, Rwanda na Tanzania. Watoto walikuwa wamejaa madarasani, uandikishaji umepanda, lakini kujifunza kwenyewe kulikuwa duni mno. Alama ilikuwa rangi ya tatu, moja kabla ya nyekundu. Waliolipa kodi Uingereza waliambiwa ukweli huo na chombo chao wenyewe. Mzazi wa Kiomboi hapa Singida, ambaye mtoto wake ndiye aliyekuwa akizungumziwa, nani alimwambia?

Ripoti yao nyingine ningependa kila mkurugenzi wa asasi aisome. Ni ya Aprili 2014, inahusu namna iliyokuwa wizara ya misaada, DFID, inavyojifunza. Wizara ile ilikuwa imetenga angalau pauni bilioni 1.2 kwa utafiti, tathmini na kuwaendeleza watumishi. Tume ikakuta maarifa mengi yanazalishwa lakini watumishi wamezidiwa na wingi wa karatasi, haieleweki vizuri yanaingiaje kwenye maamuzi, na watu wanajiona wanasukumwa kuonyesha mafanikio muda wote. Rangi ya tatu tena. Mafunzo yalikuwepo, fedha ilikuwepo, na bado anayeona mradi unakwenda mrama aliona afadhali aandike vizuri.

Hilo nalifahamu kwa macho yangu. Nimelipa posho za mafunzo ambayo kipimo chake pekee kwenye bango kitita kilikuwa idadi ya waliofundishwa. Karatasi za mahudhurio zimejaa sahihi, risiti za ukumbi zipo, nauli zimesainiwa, picha ya pamoja imepigwa mbele ya bango. Kwa mkaguzi hakuna hoja hata moja. Kisha miezi michache baadaye unakwenda kwenye kituo kilekile, unamkuta mtunza stoo anaandika vifaa kwenye daftari la mistari kwa sababu aliyepelekwa semina alikuwa bosi wake, na bosi amehamishwa. Mradi huo sitautaja. Ipo mingi iliyo hivyo, na ukiitafuta kwenye takwimu za mfadhili yeyote utaikuta chini ya neno lilelile la kujenga uwezo, ikiwa na tiki.

Nimeona pia mafunzo yaliyokwenda tofauti. Utaratibu wa MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, unawakalisha walimu katika shule yao wenyewe, katika jumuiya ya kujifunza, wakijadili somo lililowashinda wiki ile. Shule Bora nayo inauunga mkono. Nimekaa nyuma ya darasa moja mchana, vipindi vimekwisha, walimu wanabishana juu ya namna ya kufundisha hesabu za sehemu kwa darasa la nne, mmoja anakata karatasi ya maandazi vipande nane kuonyesha anachokisema, mwingine anamwambia, "Dada, ukikata hivyo wa nyuma hawaoni." Hakukuwa na ukumbi wa kukodi. Kwa mhasibu, mafunzo ya aina hiyo yana risiti chache, na kwa sababu hiyo yanaonekana madogo kwenye vitabu. Ningependa DevTracker itafute namna ya kuyafanya yaonekane kwa ukubwa wake halisi.

Mafunzo ya upande wao pia yanatuhusu. Septemba 2020 DFID iliunganishwa na wizara ya mambo ya nje ikawa FCDO. Ofisi ya ukaguzi ya taifa ya Uingereza ilieleza mwaka 2024 kwamba muungano huo uligharimu angalau pauni milioni 24.7. Kila mradi una mtumishi mmoja anayewajibika kwa jina, na kuna mwongozo wa wazi wa kuendesha miradi, PrOF, uliochukua nafasi ya ule wa DFID. Mwongozo ni mzuri, nimeusoma. Ila mtu aliyejifunza kazi kwa miaka ya kukagua shule na zahanati hapatikani kwa kusoma mwongozo, na anapoondoka, anayeumia ni mwenye mradi huku chini ambaye anaanza kumweleza mgeni mpya kila kitu upya. Kwenye orodha ya kimataifa ya uwazi wa misaada DFID ilipata daraja la juu kabisa mwaka 2020. FCDO, mwaka 2022, ilikuwa daraja moja chini.

Kuna jambo DevTracker inalionyesha bila kukusudia, nalo linaniuma. Uingereza ilijiwekea sheria ya kutoa asilimia 0.7 ya pato lake la taifa. Mwaka 2021 ikashusha hadi 0.5. Februari 2025 ikatangaza itashuka hadi 0.3 ifikapo 2027. Tena mwaka 2022, pauni bilioni 3.7, sawa na asilimia 29 ya msaada wote, zilitumika ndani ya Uingereza kwenyewe kuwahifadhi wakimbizi na waomba hifadhi, na ICAI iliyakosoa waziwazi matumizi ya aina hiyo mwezi Machi 2023. Kuwapokea wakimbizi ni jambo jema, sisi wa nchi iliyopokea Warundi na Wakongo kwa miongo tunalijua. Lakini fedha iliyohesabiwa kama msaada kwa maskini wa dunia ilipunguzwa, kisha sehemu kubwa ya iliyobaki ikabaki nyumbani. Ukiwa na subira ya kulinganisha bajeti za mradi mmoja kwa miaka kadhaa, utayaona makato hayo.

Wenye miradi ya Wamarekani wameshaona kinachofuata jicho la usimamizi likifumbwa. Tarehe 1 Februari 2025 tovuti ya USAID, shirika la misaada la Marekani, ilizimwa, pamoja na ripoti na tathmini tulizozoea kuzirejea. Tarehe 10 mkaguzi mkuu wake alitoa taarifa kwamba kwa kupunguzwa watumishi na kusimamishwa malipo, usimamizi wa dola bilioni 8.2 za misaada ya kibinadamu zilizokuwa hazijatumika umedhoofika. Siku iliyofuata akafukuzwa kazi. Julai 1 shirika lenyewe likafungwa. Kwa hiyo ukiingia DevTracker ukakuta nyaraka ya mradi unaokuhusu, ipakue siku hiyohiyo, ihifadhi mahali pawili.

Kwa vipimo vyao wenyewe naipa B. Wahasibu, maafisa miradi na waandishi wa habari, itumieni, ni wafadhili wachache wanaowafungulia mafaili kiasi hiki bila barua ya maombi. Madiwani, itumieni mkiwa na ripoti ya CAG pembeni na kalenda ya robo mwaka mkononi. Kamati za shule, kwa sasa mtahitaji mtu wa kuwasomea. A nitaitoa siku fedha itakapoandikwa hadi jina la halmashauri na muhtasari wa Kiswahili ukakaa juu ya kila mradi wa Tanzania. Anayetaka kuanza aanze na Shule Bora, tathmini ya mwaka ya karibuni, ukurasa wa mapendekezo. Mwenye kompyuta amsaidie asiye nayo kuchapa kurasa hizo mbili tatu, zibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kata pale yanapobandikwa mapato na matumizi.